Taa Zisizozimika za Nyumba ya Tarbox

Ardith Vollmer alikuwa mtu wa kuingia katika nyumba kwa pua kwanza. Alipokuwa mpishi wa shule ya Kettle Bend, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, alijua maziwa yaliyoanza kuchacha kabla kifuniko hakijafunguliwa, na mtoto mwenye homa alimtambua kwa kupita tu nyuma ya kiti chake. Basi Jumatatu ile ya kwanza ya Desemba, mwaka wa tisini na nne, alipofungua mlango wa nyuma wa Nyumba ya Tarbox, alisimama kizingitini huku theluji ikiwa bado imeganda viatuni, akavuta pumzi, asiende mbele.

Harufu za siku zote zilikuwapo: nta ya sakafu, majivu baridi, karatasi za kale, na ule unga wa magamba ya kome wa mtoni ambao, miaka mingi baada ya kiwanda cha vifungo kufungwa, bado ulijificha katika nyufa za mbao. Lakini chini ya hizo palikuwa na harufu nyingine, nyembamba, ya kuja na kuondoka. Ilikuwa kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

"Unanusa nini kama mbwa wa polisi?" sauti ilimuuliza nyuma yake.

Alikuwa Twyla Oberholt, rafiki yake tangu darasa la kwanza, amebeba makopo matano ya biskuti za tangawizi yaliyopandana hadi kidevuni.

"Wewe hunusi kitu?"

"Nanusa uzee. Nusu wako, nusu wangu. Nipishe, mikono inaniganda."

Ardith akampisha. Siku zilikuwa tano tu kabla ya Jumamosi ya Madirisha, na kazi ilikuwa bado haijaguswa.

Nyumba ile ilijengwa na Tarbox, aliyetajirika kwa kukata vifungo kutoka katika magamba ya kome wa Mto Mississippi. Mama yake Ardith alimkatia vifungo hivyo hadi ncha za vidole vyake zikawa laini kama sabuni. Tarbox alipokufa bila mtoto, nyumba iliangukia mikononi mwa Chama cha Historia cha mji, yaani mikononi mwa watu tisa au kumi wa kujitolea waliozidi kuzeeka, wakiongozwa na Daktari Dwight Hasselbring, daktari wa meno aliyestaafu. Mwaka mzima ilikaa kimya, ikipokea watoto wa shule na wageni waliopotea njia. Lakini Jumamosi ya pili ya Desemba mji wote ulikuja.

Madirisha ya nyumba ile yalikuwa thelathini na moja, na kila dirisha lilikuwa la ukoo fulani. Ukoo uliweka mshumaa wake wa umeme kizingitini mwa dirisha kwa ajili ya marehemu wao. Saa kumi na nusu jioni, kengele ya kanisa la Walutheri ilipolia, kila ukoo uliwasha mshumaa wake kwa pamoja, na walioko mtaani waliona nyumba nzima ikifumbua macho. Baada ya hapo yalifuata biskuti, juisi ya tofaa ya moto yenye mdalasini, nyimbo, na kikapu cha michango kilichozunguka kutoka mkono hadi mkono. Kikapu hicho ndicho kilichonunua mafuta ya kupashia nyumba joto na kuziba paa. Bila Jumamosi ile, Chama kisingefika Februari.

Mwaka wa sabini na moja taa zilikuwa zimezimika mara tatu, watu wakiwa wamesimama madirishani. Mjane mmoja alilia kwa sauti. Ndipo Lyle Vollmer, mume wa Ardith, mtu wa kutengeneza pampu, redio na chochote kilichokataa kufanya kazi, alipovua kofia, akashuka chumba cha chini, na baada ya dakika tano akarudi akipangusa mikono.

"Hazitazimika tena," alisema.

Na kweli hazikuzimika tena. Siku hiyo hazikuzimika, wala mwaka uliofuata, wala mwaka wowote. Watu wakawa na msemo wao: mkono wa Lyle.

Ni Ardith peke yake aliyejua. Lyle alimwambia ndani ya gari wakirudi nyumbani, akicheka hadi usukani ukatetemeka.

"Senti, Ardith! Senti moja ya shaba. Nimeitia nyuma ya fyuzi iliyoungua, nikaikaza."

"Si hatari hiyo?"

"Ni ya leo tu. Januari nitaiweka sawa."

Yeye alikuwa amekaa na Lyle vya kutosha kujua kanuni yenyewe. Fyuzi imewekwa ili ife yenyewe, nyumba ipone. Senti haifi. Waya ukibebeshwa mzigo hadi uwe mwekundu, senti inaupitisha tu.

Januari ilikuja na barafu, na pampu za watu zikapasuka, na Lyle hakupata nafasi. Desemba iliyofuata watu walikwisha kumsifu, na mtu aliyesifiwa si rahisi kurudi kutengua alichosifiwa. Tena katika Kettle Bend mwanamume aliyeita fundi wa umeme kwa kazi ya dakika tano alichekwa mkahawani wiki nzima. Kwa hiyo senti ilikaa. Mwanzoni Ardith alinyamaza kwa sababu ulikuwa utani wao wawili. Baadaye alinyamaza kwa sababu mambo yalikuwa ya zamani na hakuna kilichotokea. Na tangu Lyle afe, miaka minne iliyopita, alinyamaza kwa sababu jina lile lilikuwa ndilo lililobaki naye mezani wakati wa chakula. Nani angeweza kuigundua senti? Fyuzi isiyozimika haifunguliwi na mtu.

"Habari njema moja," alisema Twyla, akifungua mashada ya bisi ya kupambia, aliyoyatunga wiki iliyopita na kuyaacha juu ya meza kubwa. "Panya hawajagusa hata punje. Mwaka jana waliacha uzi mtupu. Hatimaye wamejifunza adabu."

Ardith aliinama, akaangalia nyuma ya kabati, kisha chini ya ngazi. Hapakuwa na kinyesi hata kimoja. Panya wale walikuwa wameishi ndani ya kuta za nyumba ile kabla Tarbox mwenyewe hajafa. Sasa walikuwa wamehama, tena katikati ya baridi kali.



Jumanne alipanda ghorofani kupamba chumba cha kushonea, ambako dirisha lake na Lyle lilikuwa. Karatasi ya ukutani pale ilikuwa ya kijani yenye mizabibu. Chini ya dirisha, karibu na mahali pa kuchomekea mshumaa, aliona doa la hudhurungi, kama mtu aliyeshika kahawa aliegemeza kiganja. Aliweka mkono wake juu ya doa. Ukuta ulikuwa na joto, kama kiti alichotoka paka muda si mrefu. Nje kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri.

Alichomoa mshumaa aliokuwa ameuwasha kuujaribu. Baada ya saa nzima aligusa tena, na joto lilikuwa limepungua lakini halikuisha.

Alhamisi doa lilikuwa na ukubwa wa sahani.

Siku hiyo hiyo Daktari Hasselbring alikuja na hita mbili za umeme kutoka kwake nyumbani. Aliziweka ukumbini kwa fahari.

"Mwaka jana bibi zetu walitetemeka hadi meno bandia yakaimba. Mwaka huu moja itakaa juu, moja chini."

"Daktari," Ardith alisema, "umeme wa nyumba hii ni wa zamani sana."

"Mimi pia ni wa zamani, na bado nawaka."

"Nasema kweli. Ukuta wa chumba cha kushonea una joto. Kuna harufu."

Daktari alipanda naye, kwa heshima. Alivuta pumzi kwa bidii. Lakini alikuwa mtu wa sigara na mafua, na tena mishumaa ilikuwa haijawashwa tangu asubuhi.

"Nanusa biskuti za Twyla," alisema. "Ardith, umechoka. Kila mwaka wiki hii unakuwa hivi, na tangu Lyle aondoke imezidi. Njoo nikuonyeshe kitu. Ilikuwa siri ya Jumamosi, lakini naona unaihitaji leo."

Akatoa kiboksi mfukoni. Ndani palikuwa na bamba dogo la shaba, limeandikwa kwa herufi za kunyooka: LYLE VOLLMER. KWA MKONO WAKE TAA HAZIZIMIKI.

"Tutalipigilia kwenye mlango wa chumba cha chini," alisema Daktari. "Mbele ya watu wote, baada ya kengele. Wewe utavuta kitambaa."

Ardith alilitazama bamba. Lilikuwa na rangi ileile ya senti. Aliyaacha maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Jumatatu, akakirudisha kiboksi mkononi mwa Daktari, akasema, "Angefurahi."

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Watu wa Kettle Bend hawana methali hiyo, lakini Ardith hakulala vizuri usiku ule, na asubuhi alikwisha kupata njia iliyoonekana kwake kuwa nzuri. Angeyaponya maradhi bila kuyataja.

Ijumaa alikwenda duka la vifaa, akaomba fyuzi za kukaza za ampea kumi na tano. Mwenye duka alipanda ngazi hadi rafu ya juu kabisa, akashuka na kikasha chenye vumbi.

"Hizi siku hizi hazina mteja," alisema. "Unataka ngapi?"

"Zote," alisema Ardith, akajishangaa.

Mchana, wote walipokwenda kula, alishuka chumba cha chini akiwa na tochi. Sanduku la fyuzi lilikuwa nyuma ya rafu za mitungi ya magamba. Alivuta swichi kuu chini, nyumba juu yake ikanyamaza. Fyuzi ya tatu kutoka kushoto, ile ya taa zote, ilikuwa na kioo cheusi tii. Ilikuwa maiti tangu mwaka wa sabini na moja, na miaka yote ile taa ziliwaka kupitia kwake. Aliishika kwa kitambaa, vidole vyenye baridi yabisi vikakataa, akaishika tena kwa mikono miwili. Ilipofunguka, senti ilidondoka kiganjani mwake. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Uso wa mtu uliochongwa juu yake ulikuwa umeungua, haukuonekana tena.

Aliweka fyuzi mpya, akarudisha swichi, akafunga senti ndani ya leso. Kisha alizibeba zile hita mbili, moja baada ya nyingine, akazificha kwenye banda la makaa na kuzifunika gunia. Bila hita, fyuzi ingestahimili. Na ikishindwa, ingekufa kama ilivyotakiwa, na yeye angekuwa tayari: alijaza kikapu tochi na taa za mafuta, akakiweka chini ya ngazi.

Aliporudi nyumbani alihisi wepesi ambao hakuuhisi kwa miaka. Nyumba ingepona, na Lyle angepona pia.

Jumamosi theluji ilianguka tangu adhuhuri, nzito na bila upepo. Kufikia saa kumi, magari yalikuwa yamejaa mtaa wote. Watu waliingia wakikung'uta viatu, wakaning'iniza makoti, wakasimama kila ukoo dirishani pake. Familia ya Dreesman ilikuja na wote saba. Gaylord Niemann, mkuu wa zimamoto ya kujitolea, alisimama dirisha la sebuleni kwa ajili ya baba yake, amevaa tai yenye picha ya kulungu.

"Nani alizizika hita zangu?" sauti ya Daktari ilivuma kutoka nyuma. Alikuja amebeba moja kila kwapa, mkewe akicheka nyuma yake. "Nimezikuta bandani, zimefunikwa gunia kama maiti! Ardith, ni wewe?"

"Joto linaharibu vitambaa vya kale, Daktari."

"Na baridi inaharibu vizee. Vitambaa vitatusamehe." Akachomeka moja ukumbini, akapanda na nyingine juu.

Ardith angeweza kusema hapo. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na alijiambia kwamba fyuzi mpya inajua kazi yake. Alipanda polepole hadi dirisha lake katika chumba cha kushonea. Twyla alikuja kusimama naye, kwa kuwa dirisha la kaka yake lilikuwa chumba kilekile.

"Uso wako mweupe kama unga," Twyla alinong'ona. "Shika biskuti."

Kengele ikalia. Mikono thelathini na moja ikabonyeza, na kutoka mtaani ikasikika ile "aaah" ya kila mwaka. Ardith alihesabu moyoni. Alipofika sitini na kitu, pakasikika mlio mdogo kutoka chini, kama mtu aliyevunja kijiti, na nyumba yote ikawa giza.

Watoto walipiga kelele za furaha. Ardith alishika ukingo wa dirisha, na gizani, bila mtu kumwona, alitabasamu. Fyuzi ilikuwa imekufa. Ilikuwa imefanya kazi yake.

"Tulieni!" aliita akishuka ngazi kwa kupapasa. "Kuna tochi! Kuna taa za mafuta chini ya ngazi!"

"Angekuwapo Lyle," alisema bibi mmoja gizani kwa huzuni, na mwingine akaitikia, "Mkono wa Lyle."

"Daktari yuko wapi?" Ardith aliuliza. Alisukumana na makoti na viwiko kuelekea mlango wa chumba cha chini, ambako bamba lilikuwa tayari limepigiliwa na kufunikwa kitambaa. Alipougusa mlango, taa zikawaka.

Ziliwaka zote kwa pamoja, kali kuliko kwanza. Watu wakapiga makofi. Mlango ukafunguka, Daktari Hasselbring akatokea akipangusa mikono yake, akicheka kama kijana.

"Hazitazimika tena!" alisema. "Nimekuta fyuzi mpya, sijui nani aliiweka, imeungua kama meno ya mvuta kiko. Nikajiuliza, Lyle angefanya nini? Nikatia mkono mfukoni." Akakonyeza jicho. "Jino limezibwa."

Wanaume wakacheka, karibu wote, vicheko vya watu wanaojua. Hapo ndipo Ardith alipoelewa. Hakuna aliyejua habari ya senti ya Lyle, lakini ujanja wenyewe kila mmoja aliujua.

"Umeweka senti," alisema.

"Usinichongee mbele ya mkuu wa zimamoto!"

"Mimi sijasikia kitu," Gaylord alisema, glasi ya juisi mkononi, na vicheko vikaongezeka. "Kesho itolewe, basi."

Harufu ikaja. Haikuwa nyembamba tena. Ilishuka ngazi kama mtu mzima, ikapita kati ya watu waliokuwa wakiimba ubeti wa kwanza, na hakuna aliyeigeukia ila yeye.

"Lyle naye aliweka," alisema.

Hawakusikia. Mtu alimsukuma mbele kwa upole akavute kitambaa cha bamba. Ardith aligeuka, akakipa kitambaa mgongo, na akaitoa ile sauti ya jikoni ambayo zamani ilinyamazisha watoto mia mbili kwa pamoja.

"Lyle aliweka senti mwaka wa sabini na moja, akaiacha! Ilikaa humo miaka ishirini na mitatu. Nilijua siku zote. Niliitoa jana, na Daktari ameweka nyingine. Ukuta wa chumba cha kushonea unaungua. Tokeni."

Wimbo ulikatika. Uso wa Daktari ulibaki na tabasamu ambalo halikujua pa kwenda.

"Ardith, mpenzi," alisema mkewe, "hapa si mahali pa..."

"Mmemsikia!" Twyla alikuwa juu ya ngazi, na kikohozi kilimkatisha. "Kuna moshi huku! Mlango ule pale, shikeni watoto, makoti yataletwa!"

Gaylord aliweka glasi chini. Alimpita Twyla kwenye ngazi, akatoweka, akarudi. Hakukimbia. Rangi ilikuwa imemtoka, na aliposema alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Nje. Wote. Sasa."

Walitoka bila makoti, wakasimama mtaani katika theluji, wakikumbatia watoto wa wenzao. Kutoka nje nyumba ilikuwa nzuri kuliko mwaka wowote. Madirisha yote yaling'aa bila kutikisika. Kisha Gaylord, ndani, alivuta swichi kuu, na yote yakafumba kwa pigo moja.

Yote isipokuwa moja. Ghorofani, katika dirisha la Lyle, palibaki mwanga mdogo mwekundu. Hakuna mshumaa uliokuwa ukiwaka pale.

"Ee Mungu," alisema mtu.

Gari la zimamoto lilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, na nusu ya vijana wake walikuwa kwenye sherehe. Walivunja ukuta kwa mashoka. Walipotupa chini kipande cha boriti kupitia dirishani, kilianguka kwenye theluji na kulia kama chuma cha mhunzi. Kilikuwa makaa matupu, urefu wa mkono wa mtu, na ndani yake waya umelala mtupu bila ganda. Makaa kama yale hayakufanywa na saa moja. Yalichukua miaka.

Katika nusu saa moto ulikuwa umekufa. Paa lilibaki, kuta zilibaki. Lakini maji yalitiririka kwenye ngazi kuu hadi ukumbini, na Gaylord alifunga mlango wa mbele kwa utepe. Kikapu cha michango kilibaki mezani ndani, na bamba mlangoni, chini ya kitambaa chake.

Hakuna aliyemshukuru Ardith. Watu walichukua makoti yao kutoka kwenye rundo lililotolewa nje na kuondoka wawili wawili. Baadhi walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyekuwa akila nao kumbe ana ukoma. Daktari Hasselbring alisimama peke yake, theluji ikimjaa kichwani.

"Nilitaka kumheshimu," alisema hatimaye.

"Najua, Daktari."

"Watoto wa Dreesman walikuwa chumba kinachofuata."

"Najua."

Ndipo Gaylord alipokuja, tai yake ya kulungu imelowa. Hakuonekana kuwa na hasira.

"Ardith, nisikilize. Lyle alitengeneza umeme wa nani mwingine?"

Mwanzoni hakuelewa. Kisha aligeuka, akautazama mtaa.

Ulikuwa mtaa wa Krismasi. Kila nyumba ilikuwa imevaa taa kuanzia paa hadi kwenye vichaka, nyekundu, kijani, buluu, na ndani kila mti ulikuwa ukiwaka. Ilikuwa saa kumi na mbili ya baridi kali, saa ambayo kila hita mjini imewashwa, na kila jiko. Alianza na kona. Pale kwa Haverkamp, mwaka wa sabini na nne, walimlipa Lyle kwa nyama ya bata. Pale kwa mwalimu wa muziki. Pale kwa kina Dreesman, ambao taa zao zilikuwa zikizimika kila mkesha hadi Lyle alipokwenda na bisibisi, akarudi baada ya dakika tano. Miaka thelathini walimpigia simu, na miaka thelathini alirudi akipangusa mikono. Sasa aliziona taa zao zote, na hakuna hata moja iliyopepesa.

"Wengi," alisema.

"Niandikie majina. Nitawatuma vijana, lakini niko na sita tu, na wawili wako bado juu ya paa."

"Sitaandika," alisema Ardith. "Nitakwenda."

Alipita kwake kwanza. Taa ya barazani aliyoiacha ikiwaka ilikuwa ikiwaka, kama ilivyowaka tangu mwaka waliohamia. Hakuhitaji kuangalia nyuma ya fyuzi. Alishuka, akavuta swichi chini, na nyumba yake ikawa giza yote. Kwa kupapasa alichukua kikasha cha fyuzi kutoka juu ya meza ya jikoni. Twyla alimngoja nje na tochi.

"Zitatosha?" Twyla aliuliza.

"Hazitatosha."

Walivuka mtaa kuelekea kwa Dreesman. Kwenye ngazi, Ardith alisimama, akavuta pumzi kwa pua. Baridi ilikuwa imemziba, hakunusa kitu. Akabonyeza kengele.

Ndani, watoto walipiga kelele, "Waimbaji! Waimbaji wa Krismasi wamekuja!" na miguu ikakimbia kwenye sakafu ya mbao. Mlango ukafunguka kwa upana. Walikuwa wote saba, wamejifunga mablanketi, vikombe vya chokoleti mikononi, na nyuma yao mti mkubwa uliwaka kwa utulivu, taa mia mbili, bila kutikisika hata moja.

Mama Dreesman alimwona ni nani, na tabasamu likamtoka. Ardith alifungua mdomo.